Kila Moduli na Folda Yake

Nianze kwa kusema kwamba nilikuwa sahihi. Katika hilo hata leo sirudi nyuma. Mlete mtaalamu yeyote wa tovuti, mweke mbele ya kompyuta, mweleze nilichokikuta na nilichokifanya, atakuambia nilifanya vizuri, tena nilichelewa. Mafaili ya moduli moja yanakaa kwenye folda moja. Ndiyo sheria ya kazi, na sikuitunga mimi. Lakini kwa sheria hiyohiyo nilimpoteza rafiki, rafiki wa kula naye sahani moja, na huko kuwa sahihi hakujanisaidia chochote mpaka leo.

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga. Tulikuwa tumezoea kuandika Arusha kwenye kila barua, mara tukaambiwa makao makuu sasa ni Babati, na watu wakaanza kutembea kifua mbele kana kwamba wao ndio waliochora mpaka. Mambo yalikuwa yanafunguka. Vibanda vya kuuza vocha viliota kila kona, redio za watu binafsi zikaanza kusikika, mashirika yakaja na magari yao meupe. Shirika mojawapo likafungua ofisi pale Katesh kwa ajili ya wakulima na wafugaji wa Mbulu na Hanang, likaweka dishi kubwa la intaneti juu ya bati. Watu walikuwa wanapita kutuuliza kama linaonyesha mpira.

Mimi ni Mwiraqw wa Tumati. Nilikuwa nimetoka kusoma kompyuta Arusha, nina cheti changu nimekitia kwenye fremu, na nilidhani nakwenda kufundisha watu. Nikamkuta mwenzangu ameshatangulia. Yeye alikuwa Mbarbaig wa bondeni, mwalimu wa hesabu aliyeacha chaki, na kompyuta alijifundisha mwenyewe kwa kufungua kitu, kukivunja, na kukaa nacho mpaka kikubali kurudi. Usidhani alikuwa mtu wa kujishusha. Alikuwa anasema waziwazi kwamba yeye ndiye Mbarbaig pekee duniani anayejua kuandika moduli, na kama yupo mwingine, aletwe wapimane. Nani angembishia?

Mimi aliniita Mmbulu, kama wengi wanavyotuita sisi Wairaqw. Siku nikikosea aliniita Mmbulu wa jembe. Mimi nilimwita mzee wa mkuki. Babu zetu waliwindana kwa ajili ya ng'ombe, hilo kila mtu kule analijua, lakini sisi tulikuwa tunagombania chaji na kikombe cha chai. Sijawahi kufanya kazi na mtu kwa raha namna ile, si kabla wala baadaye.

Kazi yenyewe niieleze kidogo, kwa asiyeijua. Tovuti yetu haikuandikwa ukurasa kwa ukurasa. Ilikaa juu ya mfumo ambao hata karani asiyejua programu anaweza kuingia, akaandika habari, akaweka picha, akabonyeza, ikatoka. Mfumo wenyewe unakuja na kiini chake, ambacho wametengeneza watu wa mbali huko, na wewe huruhusiwi kukigusa. Ukitaka mfumo ufanye kazi usiyoijua, unauandikia kipande cha pembeni na kuuchomekea. Kipande hicho ndicho moduli. Mimi niliandika moduli ya habari. Yeye aliandika moduli ya minada na malisho, na hiyo ndiyo iliyotupa jina. Ukiifungua unaona mnada unaofuata uko wapi, mvua imenyesha kata gani, nyasi ziko wapi na maji yamekauka wapi. Habari zile hazikutoka serikalini. Wazee wa bondeni walikuwa wanakuja Katesh siku ya mnada, wanamtafuta yeye, wanamweleza kwa lugha yao wakiwa wamesimama na fimbo zao, naye anaingiza. Mimi wangeniambia nini? Mimi ni Mmbulu wa jembe.

Sasa ndugu yangu, ungeyaona mafaili ya moduli ile. Faili la kuanzia lilikuwa ndani ya kiini cha mfumo, mahali ambapo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anaambiwa asiguse. Faili la kuchora jedwali lilikuwa limekaa kwenye sura ya tovuti, katikati ya rangi na nembo. Maneno ya Kiswahili yalikuwa ndani ya moduli ya picha. Ya kuhesabu mvua nayo yalikuwa kwenye moduli ya maoni ya wasomaji. Kitu kikiharibika, yeye alijua kilipo, aliingia moja kwa moja kama mtu anayekwenda chooni kwake. Mimi ningetafuta asubuhi nzima huku natukana kwa Kiiraqw.

Tuligombana sana juu ya hilo. Nilimwambia kila moduli na folda yake, kila kitu chake kiwe humo, jina moja, mlango mmoja. Alinisikiliza, halafu akanieleza kwamba kabla sijaja alikuwa na folda moja, safi kabisa. Akaja mgeni wa shirika kusafisha seva, akaona folda asiyoijua, akaifuta, na kazi ya msimu mzima ikaenda. Tangu siku hiyo aliapa hatalaza ng'ombe wote zizi moja. Ugonjwa ukipita, alisema, unakuachia fimbo tu.

Nikacheka. Nilicheka, na ndicho kinachoniuma, kwa sababu maneno yale niliyajua tangu utotoni. Hata sisi Wairaqw tunawekeana ng'ombe. Baba yangu alikuwa na ng'ombe Tumati nyumbani, na wengine walikuwa Masakta kwa rafiki yake, na wengine Mogitu kwa mtu mwingine. Anayekaa na ng'ombe wako anakunywa maziwa, anapata mbolea ya shamba lake, na wewe unabaki mwenye ng'ombe na ndama wake. Watu wa nje wanadhani ni akiba tu, au ni kumficha bwana mifugo idadi yao. Akiba ipo. Lakini ukimweka ng'ombe kwa mtu, mmeshakuwa nyumba moja. Harusi yake ni yako, msiba wake ni wako, na ukipita kwake huombi maji, unaingia. Haya yote nilikuwa nayo kichwani. Lakini jamani, nani analitazama faili akaona ng'ombe?

Siku moja nilikuwa juu ya bati napigana na lile dishi, upepo wa Hanang unanivua shati, akanipigia kelele kutoka chini kwamba kuna kitu amekiweka kwangu, nikitunze. Nikamjibu sawa. Sikuuliza ni kitu gani. Baadaye nilikuja kukiona kimekaa ndani ya folda ya moduli yangu ya habari, faili moja fupi, safi, lililoandikwa kwa mkono uliotulia. Lilikuwa ndilo linalopiga hesabu za minada ya kata zote, na linajua mnada upi unasogezwa sikukuu ikiingilia, na upi hausogezwi hata mbingu zianguke. Katika kazi zake zote ile ilikuwa bora. Nikasema moyoni, huyu naye, hata kwangu ameleta uchafu wake. Nikaacha likae.

Kisha baba yake akafariki. Alikuwa mzee wa heshima, na kaburi la mzee wa namna hiyo kwa Wabarbaig halifukiwi mchana mmoja likaisha. Linajengwa, linapandishwa juu kidogo kidogo kwa miezi, na watoto wa kiume wanakuwepo. Alituaga ofisini, akachukua blanketi lake, akateremka bondeni. Huko mtandao wa simu ulikuwa haujafika.

Hakuwa amekaa sana huko, tukapata ujumbe kutoka kwa wanaotukodishia seva. Toleo letu la mfumo limezeeka, lina matundu, tusipopandisha toleo jipya wanaifunga tovuti. Na kupandisha toleo jipya ni kuandika kiini upya. Chochote ulichokificha ndani ya kiini kinakwenda na maji. Faili lake la kuanzia lilikuwa humo. Kungoja kulikuwa hakuwezekani, na kupandisha bila kuhamisha kulikuwa ni kumuua ng'ombe wake nikitazama.

Basi nikakusanya. Nilifungua folda mpya, nikaipa jina la moduli yake. Ndani nikaweka faili la kuanzia, nikatengeneza folda ndogo ya sura, nyingine ya lugha, nyingine ya hesabu. Nikapita kwenye moduli ya picha, kwenye maoni, kwenye sura ya tovuti, natoa kimoja kimoja, narekebisha njia ili vitafutane kwenye makao mapya, najaribu, kinagoma, najaribu tena. Lazima niseme ukweli kwamba nilifurahi. Kuna raha katika kupanga mafaili ambayo asiyeijua hataielewa, ni kama kufagia uwanja ukageuka ukautazama. La mwisho kulitoa lilikuwa lile lililokaa kwangu. Nilifungua folda yangu ya habari, nikalichukua, nikalipeleka kwa wenzake. Hata folda yangu ilibaki inapumua.

Toleo jipya likapanda bila hata kukohoa. Mkuu wa ofisi akanisifu mbele ya wageni.

Ningeweza kumwambia kwanza? Wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka, nami nilijifariji na msemo huo. Lakini kulikuwa na mtu wa Mogitu aliyekuwa anateremka kule mara kwa mara kununua mbuzi, ningemtuma neno. Na ningeweza kwenda mwenyewe. Tena kwenda ilinipasa, kompyuta au hapana, kwa sababu ulikuwa msiba. Barabara ilikuwa tope, kazi ilikuwa nyingi, nikasema nitakwenda wiki ijayo, halafu ijayo ikawa na ijayo yake. Sikwenda.

Alirudi amenyoa kichwa, amekonda, shati limemlegea mabegani. Nilimpa pole, tukashikana mikono muda mrefu kidogo. Halafu, kwa haraka yangu, nikamvuta kwenye kiti nimwonyeshe. Nilikuwa kama mtoto aliyefaulu mtihani. Nikamfungulia folda yake, nikamweleza hiki hapa, kile pale, sasa hata mgeni akija anaona kila kitu, na mgeni wa kufuta naye nimemfungia mlango. Alitazama. Kisha akachukua kipanya mwenyewe, akatoka kwenye folda yake, akaingia kwenye yangu, akashuka taratibu mpaka mwisho, akarudi juu.

"Na kile nilichokiweka kwako?" akauliza.

Nikamwambia nimekirudisha, sasa kiko kwake.

"Umekirudisha wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Nani mwingine angeweza?"

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeelezwa bei akaiona ni ya haki. Akasema asante kwa kukitunza. Nikamjibu hakuna shida, nikaenda kuchemsha chai. Mungu wangu, nilikwenda kuchemsha chai.

Tangu siku hiyo hakuniita tena Mmbulu. Aliniita bwana. Habari za asubuhi, bwana. Funguo hizi hapa, bwana. Nilidhani ni msiba, mtu aliyefiwa na baba anakuwa mzito, utani unamtoka. Nikampa nafasi, kama wanavyosema siku hizi. Baada ya muda mfupi akaja kuaga. Alisema yeye ndiye mkubwa kwao, malisho ya bondeni yamebanwa na mashamba pande zote, na ukoo umeamua kuhamisha ng'ombe kwenda kusini, mbali, na hawezi kuwaachia wadogo zake kazi hiyo. Yote yalikuwa kweli. Familia nyingi zilikuwa zinahama. Nilimwomba abaki angalau msimu mmoja. Akasema hapana, bwana, kila kitu umeshakipanga vizuri, hakuna kitakachokushinda.

Nilikasirika. Wiki nzima nilikuwa nalalamika kwa kila mtu kwamba ameniachia mzigo, kwamba hawa watu ng'ombe kwao ndiye kila kitu, elimu haiwaingii. Maneno ya kipuuzi kabisa, na niliyasema kwa sauti.

Siku za minada wazee waliendelea kuja kwa muda. Wanafika mlangoni, wanachungulia, wananikuta mimi. Shikamoo zangu wanaitikia vizuri, marahaba, wanauliza yule kijana wao yuko wapi. Nikiwaeleza, wanasema haya, wanaondoka na habari zao za mvua. Moduli yake ikabaki ndani ya folda yake nzuri, kila faili mahali pake, na jedwali la malisho likiwa tupu. Shirika likaja kupima, likauliza mbona hakuna kitu, na mradi ukafungwa. Nikahamia Mbulu mjini, nikawa nafundisha kompyuta na kutengeneza tovuti za watu. Wanafunzi wangu nawafundisha kila moduli na folda yake. Ningewafundisha nini kingine?

Miaka ikapita. Nilikuwa nimekwenda Tumati kuwasalimia wazee, tumekaa ndani tunakula, tukasikia hodi. Alikuwa rafiki wa baba wa kule Masakta. Amekuja kwa miguu, mbele yake ng'ombe wa baba na ndama wake, wamenona, hawana kasoro. Akakaa, akanywa chai, akaeleza kwa adabu kwamba siku hizi Masakta yote inalimwa, hakuna pa kuchungia, amewarudisha wakiwa salama. Baba akamshukuru sana, akamsindikiza mpaka njiani. Aliporudi hakugusa chakula. Mama akamwuliza kama anaumwa, akasogeza sahani pembeni.

Mimi kwa upumbavu wangu nikamwambia, "Baba, si umepata ng'ombe wako, tena na ndama juu?"

"Ng'ombe nimepata," akasema.

Halafu akanieleza bila kunitazama. Mtu akikurudishia ng'ombe ambaye hukumwomba, ameshakuambia kwamba ninyi wawili basi. Anaweza kusingizia nyasi, anaweza kusingizia maji, hiyo ni heshima tu ya kukusitiri. Na mtu mzima hamwulizi mwenzake kwa nini, maana kumwuliza ni kumlazimisha aseme kwa mdomo alichokwisha kukisema kwa miguu ya ng'ombe.

Niliweka tonge chini. Nilitoka nje nikasimama karibu na zizi, nikaanza kukumbuka kile kipanya kilivyoshuka taratibu kwenye folda yangu, na kile kichwa kilichonyolewa, na asante kwa kukitunza. Hakuwa amechoka na kazi. Aliweka kilicho bora kwake chini ya paa langu, akaenda kumzika baba yake, mimi msibani sikuonekana, na aliporudi akakuta nimekitoa nje. Ungekuwa wewe ungeelewa nini?

Namba yake niliipata kwa yule mtu wa mbuzi wa Mogitu, baada ya kuzungukia watu wengi. Ilikuwa inaita, inakatika. Siku ilipopokelewa nilisikia kengele za ng'ombe na upepo, na sauti yake ikiwa nzito kuliko nilivyoikumbuka. Alinitambua mara moja. Nilimwambia yote bila kupumua: seva, toleo jipya, kiini, kwamba faili la kuanzia lingekufa, kwamba sikumrudishia kitu, nilipanga tu, ilikuwa kazi, ilikuwa kazi tu. Hapo hasira nazo zikanipanda. Nikamwuliza yeye mdomo wake aliupeleka wapi, mbona hakuniuliza, kuuliza si ujinga.

Aliniacha nimalize.

"Nilijua umeniaga," akasema. "Sikutaka kukusumbua."

Nikamwambia sikumuaga. Nikamwambia bado ninayo, mafaili yote, nimeyahifadhi, aniruhusu nilirudishe lile moja kwangu, hata leo, hata kama hiyo tovuti haipo tena. Nilijua ninachosema hakina maana. Alicheka kidogo, bila ubaya, akasema kitu kikishatoka kwa mtu hakirudi kwa mtu yuleyule, ndivyo kwao, na kwamba nisijisumbue, ni mambo ya zamani. Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. Heri angenitukana.

Akaniuliza kama wazazi wangu wazima. Nikasema wazima. Nikamwuliza mvua kwao vipi, akasema mwaka huu zimekuja vizuri. Akanitakia kazi njema, bwana, nami nikamtakia malisho mema yeye na ng'ombe wake. Tukaagana kwa adabu, kama watu waliowahi kukutana mahali.